Breki Kwanza, Nguvu Mwisho: Kufufua V8 ya Zamani Nyumbani Dar es Salaam

Itifaki imezingatiwa. Mafundi wetu, wenye magari, vijana mliotoka mitaa ya Gerezani, Tabata na Mwenge, nanyi kina mama na kina baba ambao uani kwenu kuna gari limefunikwa turubai na halijaguswa kwa muda mrefu: karibuni, na asanteni kwa kuja.

Leo tunazungumzia magari ya Marekani ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 yenye injini kubwa ya V8, yaani ya silinda nane. Pontiac GTO ya 1964, Ford Mustang iliyozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, Chevrolet Camaro iliyofuata kwenye modeli za 1967, Dodge Charger, Plymouth Barracuda. Ni magari machache hapa kwetu, lakini mwenye nalo halali usingizi, na swali lake ni lilelile: naanzia wapi?

Anzia kwenye bodi. Ukimaliza nenda kwenye breki, kisha upozaji, kisha umeme. Nguvu ya injini iwe ya mwisho kabisa. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na muda wote uliobaki nitautumia kueleza kwa nini na namna gani. Watu wengi huenda kinyume. Wananunua kabureta kubwa na manifoldi ya aluminiamu kwanza, kwa sababu ndizo zinazopendeza ukifungua boneti, huku sakafu imeoza na masta silinda, yaani pampu ya breki, ni ileile ya 1965. Wanapata gari lenye nguvu ambayo bodi haiwezi kuibeba na breki haziwezi kuizuia.

Tuanze na kutu, na hapa nitakaa sana, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapofia.

Mji wetu uko baharini. Gari linalolala Msasani, Kigamboni au Mbezi Beach linapokea chumvi kila siku kutoka kwenye upepo, hata kama halitoki getini. Chumvi ikichanganyika na unyevu wa Dar hupenya kwenye maungio ya bati yaliyobandikwa mawili mawili, na huko ndiko kutu huanzia, kutokea ndani kuja nje. Ukiona lengelenge dogo kwenye rangi, jua upande wa pili bati limeshaliwa eneo kubwa kuliko unaloliona.

Kabla ya kukata, ujue gari lako limejengwaje. Mustang haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. GTO na Chevelle zina chesisi kamili chini, na bodi unaweza kuifungua bolti ukainyanyua. Camaro ya 1967 hadi 1969 iko katikati: nyuma bodi inajibeba, mbele kuna fremu fupi iliyofungwa kwa bolti zenye mipira. Fundi anayeikata Mustang kama vile anakata Land Rover ataipinda, na ikishapinda milango haitafunga tena.

Kwenye Mustang mahali pa kwanza kukagua ni chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingiza hewa ndani. Maji ya mvua huingia pale na yanatakiwa yatoke pembeni. Majani ya mwembe yakijaa humo, yanaoza, yanashika unyevu, bati linatoboka, na maji yanashukia miguuni mwa dereva na abiria. Jaribio lake ni rahisi. Mtu mmoja alale chini ya dashibodi na tochi, mwingine amwage maji taratibu kwenye matundu, upande mmoja kisha wa pili. Ukiona hata tone moja ndani, basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya sakafu. Kuna watakaokushauri kumimina silikoni kutokea juu. Usikubali: silikoni inaziba njia ya maji kutoka, unyevu unabaki ndani, na ukija kuchomelea baadaye haikubali wala rangi haishiki. Dawa yake ni kutoboa pointi za kuchomelea za kiwandani moja moja, kunyanyua bati la juu, kutengeneza la chini, kupaka praima pande zote, na kurudisha. Ni kazi ndefu, lakini ukiiruka, sakafu mpya utakayoweka itaoza kama ile ya zamani.

Baada ya hapo kagua sakafu, vizingiti vya milango, reli zinazobeba injini, sehemu iliyo chini ya betri, na kona za chini za buti. Tumia sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa: isiposhika, chini yake kuna puti. Tumia bisibisi butu kugonga reli. Bati zima linalia. Bati bovu linatoa mlio mzito, na wakati mwingine bisibisi inazama.

Ukishajua pa kukata, usikate bado. Milango ikiwa inafunga vizuri, chomelea bomba la mraba la milimita 25 ndani ya uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na lingine la mshazari. Gari likae kwenye stendi za chuma zilizowekwa chini ya ekseli ya nyuma na chini ya fremu ya mbele, mahali panapobeba uzito lile gari likiwa barabarani. Pima mshazari wa sakafu kwa utepe, pande zote mbili, na uandike vipimo ukutani. Na jamani, tuache kuweka magari juu ya matofali ya saruji. Tofali linabeba vizuri mpaka dakika linapopasuka, halitoi dalili, na aliye chini hana muda wa kutoka.

Bati la sakafu ni geji 18, karibu milimita 1.2; paneli za nje ni nyembamba zaidi, na reli zinataka milimita 1.6 hadi 2. Usitumie bati la kuezekea. Lina zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomwachia fundi homa usiku, na weldi yenyewe inakuwa na matundu. Nunua bati jeusi lisilo na zinki. Mashine iwe ya waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi, si ya fimbo. Mashine ya fimbo tunayotumia kwenye mageti ina moto mwingi mno kwa bati la gari. Inatoboa na kupindisha. Chomelea nukta, ruka sentimita tano, chomelea nyingine, rudi ulikoanzia pakishapoa. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, paneli itajikunja na hakuna puti itakayoificha.

Puti ina kazi yake, ila isizidi milimita 2 au 3. Inasawazisha, haijengi. Na isikae juu ya praima ya kawaida iliyoachwa wazi mwezi mzima, kwa sababu praima ya kawaida inanywa maji. Bati likishasafishwa hadi kung'aa, lifutwe, na siku hiyohiyo lipigwe epoksi praima koti mbili. Dar ukiliacha bati tupu lilale usiku mmoja, asubuhi unakuta limekuwa la machungwa.

Kwa rangi, angalia kalenda. Masika ya Machi hadi Mei si wakati wake. Unyevu unakaa kwenye rangi na inapauka kama imewekwa maziwa. Juni hadi Septemba hewa ni kavu na joto limeshuka, huo ndio msimu. Kompresa ya nyumbani hutema maji mengi kwenye hewa yetu, kwa hiyo weka kichujio cha maji karibu na bunduki, si kwenye tangi peke yake, na fungua koki ya chini ya tangi kila baada ya muda. Rangi za kuchanganya na hadina zina isosayaneti, inayoharibu mapafu moja kwa moja. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Kama huna kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi, fanya kazi zote za bati nyumbani, na rangi ya mwisho mpelekee mwenye chumba cha kupigia rangi. Majirani zako nao wana mapafu.

Sasa breki.

Mustang ya 1965 na ya 1966 ilitoka kiwandani na masta silinda ya chumba kimoja. Maana yake, paipu moja ikipasuka popote, magurudumu yote manne hayana breki. Modeli za 1967 zilikuja na vyumba viwili, mbele na nyuma mbalimbali. Ukiwa na gari la zamani kuliko hapo, badiliko la kwanza kabisa la kuboresha ni hilo, hata kabla ya diski. Kisha ndiyo uweke diski mbele. Dramu nne zilizobeba gari zito zinashika mara mbili tatu vizuri. Ukishuka mteremko au ukikanyaga kila baada ya sekunde kwenye foleni ya barabara ya Morogoro, zinapata joto na pedali inakuwa ngumu bila gari kupungua mwendo.

Kuna kosa moja linalorudiwa kwenye kazi hii, na linawasumbua mafundi wazuri. Masta silinda nyingi za dramu zina valvu ndogo ndani inayobakiza presha ya takriban psi 10 (pauni kwa inchi ya mraba) kwenye paipu, kwa sababu dramu zina springi zinazorudisha shu nyuma, na ile presha huzuia pedali kuzama. Diski hazina springi za namna hiyo. Ukiweka diski mbele ukaacha valvu ile, pedi hazitaachia. Gari litakuwa zito, rimu za mbele zitachoma vidole, na baada ya kilomita chache breki zitajishika zenyewe. Upande wa diski hauhitaji valvu hiyo. Kama masta silinda iko chini kuliko kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), tumia ya psi 2. Upande wa nyuma wenye dramu ubaki na 10. Halafu weka valvu ya kurekebisha kwenye paipu ya nyuma, ili nyuma isifunge kabla ya mbele. Nyuma ikifunga kwanza kwenye lami yenye maji, gari linageuka.

Paipu ziwe za shaba iliyochanganywa na nikeli, inchi 3/16. Haziliwi na chumvi kama za chuma na zinakunjika kwa mkono. Mdomo wa paipu ukunjwe mara mbili. Mdomo wa mkunjo mmoja, kama wa paipu za friji, unapasuka kwenye breki. Usiunge paipu ya breki kwa kuichomelea, hata fundi akikuapia.

Mafuta ya breki yanafyonza maji kutoka hewani, na hewa yetu ina maji ya kutosha. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi. Ikishanyonya unyevu kipimo cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. Yakichemka kwenye kalipa yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inafika sakafuni. Badilisha kila baada ya miaka miwili, nunua chupa ndogo, na ile iliyokaa wazi dukani iache hukohuko. Kutoa hewa anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kushoto ni nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, kisha mbele kushoto.

Na kwa kuwa usukani tumeutaja: msihangaike kuuhamishia kulia. Boksi la stelingi, pedali na bati la mbele vyote vilitengenezwa kwa upande mmoja, na magari mengi yaliyohamishwa yana stelingi isiyoaminika. Badala yake weka kioo cha pembeni upande wa kulia, kwani mengi yalitoka na cha kushoto tu, na unapotaka kulipita lori, mtu aliyekaa kulia ndiye aangalie mbele.

Upozaji. Joto letu la Desemba hadi Machi linapita nyuzi 30 mchana karibu kila siku, na gari linasimama Tazara au Ubungo bila upepo wowote. Hapo ndipo mwenye gari anapoambiwa: toa thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto. Tafadhali msitoe. Thamostati ya nyuzi 82 inafunguka yote muda mrefu kabla injini haijachemka. Kwenye foleni imeshafunguka, kwa hiyo kuitoa hakukusaidii pale palipo na tatizo. Kinachotokea ni kwamba asubuhi injini inachelewa kupata joto lake, petroli inaosha kuta za silinda, oili inachafuka, ringi zinakwisha.

Tatizo la kwenye foleni ni hewa, si maji. Angalia kwanza kama feni ina ngao yake ya kuizunguka. Magari mengi ngao ilitupwa zamani, na feni bila ngao inazungusha hewa ileile ya moto ndani ya boneti. Feni iingie kwenye ngao nusu, nusu ibaki nje. Kisha kagua rejeta: iguse gari likiwa limezimwa baada ya kupata joto, na mahali panapobaki pa baridi pameziba. Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Wa psi 13 unapandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 20. Mpira wake ukikatika maji yanachemka mapema na unaanza kulaumu injini nzima. Hosi ya chini iwe na springi ndani, la sivyo pampu ikivuta inajibana na mzunguko unakatika gari likiwa mwendo kasi.

Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Ukiyaweka kwenye rejeta yanaacha magamba ndani ya mirija, na kama una hedi au manifoldi ya aluminiamu yanaila. Tumia maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu na kulanti. Najua kuna anayesema kulanti ni ya nchi za baridi. Hapa tunaitaka kwa ajili ya kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Umeme nitaupitia haraka, ila sehemu tatu zinahitaji uangalifu. Ya kwanza ni taa. Taa za Marekani zikiwa zimeshushwa zinamulika zaidi kulia, kwa sababu wao wanapita kulia. Hapa kulia ndiko anakotokea mwenzako, na unampofusha. Habari njema ni kwamba Mustang nyingi za wakati ule zinatumia taa ya duara ya inchi 7, ambayo ni saizi ileile ya Land Rover na Land Cruiser za zamani. Nenda dukani ukachukue za kwetu, zinazomulika kushoto, za balbu ya H4, na uziwekee rilei. Bila rilei umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya dashibodi ya miaka 60, na swichi hiyo ndiyo inayoungua.

Ya pili ni oltaneta. Ukiongeza feni ya umeme na pampu, oltaneta ya zamani ya ampea 40 haitoshi. Lakini ukiweka ya ampea 100, waya unaoenda kwenye betri nao ubadilishwe, uwe wa milimita 16 za mraba au zaidi, na fyuzi yake iwe karibu na betri. Kwenye Dodge na Plymouth za zamani umeme wote wa kuchaji unapita kwenye geji ya ampea ndani ya dashibodi. Usiongeze ampea hata moja kabla hujaiondoa njiani geji ile.

Ya tatu ni uwashaji. Kubadilisha pointi kwa kifaa cha kielektroniki ndani ya distribyuta ileile ni badiliko zuri na la bei ndogo, na linaondoa kazi ya kurekebisha pointi kila mara. Ila soma maelekezo kuhusu volti. Mustang ina waya wenye ukinzani kutoka kwenye swichi, unaopunguza volti za koili ili pointi zisiungue. Kifaa kikihitaji volti 12 kamili nawe ukakiunga kwenye waya huo, gari litawaka asubuhi na kuzima likipata joto, na utabadilisha kabureta mara mbili ukitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kuhusu bolti na spana: magari haya ni ya inchi. Bolti ya inchi 3/8 ni milimita 9.5, na ya milimita 10 inaweza kuanza kuingia ukadhani imekubali. Ukiikaza umeua uzi wa bloku. Kabla ya kwenda Kariakoo chukua sampuli mkononi, ya bolti na ya nati yake. Beringi na sili ni rahisi zaidi: soma namba iliyochongwa kwenye ringi, mwenye duka ataitafuta kwa namba hiyo bila kujali gari. Paneli za bati na sehemu za ndani utalazimika kuagiza Marekani, kwa hiyo tengeneza orodha kamili kwanza, iende kwenye shehena moja. Ukiagiza kipande kimoja kimoja, usafirishaji na ushuru vitakuzidi bei ya vipande vyenyewe.

Na kabla hujafikiria kubadilisha injini nzima, fungua kadi ya gari. Injini ikibadilika, kamilisha taratibu TRA kabla gari halijatoka, si siku trafiki alipokusimamisha.

Sasa tumefika kwenye nguvu, na nitasema machache.

Usifukuze namba zilizoandikwa kwenye vitabu vya zamani. Kabla ya modeli za 1972, viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa mezani bila vifaa vyake vyote na bila ekzosi ya kawaida. Farasi 300 za 1968 si farasi 300 za leo. Injini yenye afya, iliyochongwa vizuri, yenye taimingi sahihi, inatosha barabara zetu na inabaki.

Ukiifungua, fanya mambo mawili kwenye hedi. Injini hizi zilitegemea risasi iliyokuwamo kwenye petroli kulinda viti vya valvu. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo viti vya valvu za kutolea moshi vichongwe na kuwekewa ringi ngumu, la sivyo valvu zitazama taratibu na kliaransi itapotea. Pili, angalia mgandamizo. Baadhi zilitoka na 10.5 kwa 1 au zaidi, zikitarajia petroli ya oktani kubwa ya wakati ule. Kwa hedi za chuma cha kutupwa na joto la Dar, 9 hadi 9.5 inakupa amani. Ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo unapokanyaga mafuta kwenye mlima, rudisha taimingi nyuma siku hiyohiyo, kwa sababu pistoni zinavunjika kwa mlio huo.

Kabureta: chukua ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, zidisha kwa mizunguko ya juu utakayotumia, gawanya kwa 3,456, kisha zidisha kwa 0.85. Kwa injini ya Ford ya inchi 302 inayofika mizunguko 5,500 unapata futi za ujazo karibu 410 kwa dakika. Kabureta ya 600 imeshapita mahitaji. Ya 750 itakupa gari linalosita kuondoka na kunywa petroli bure. Na kamshafti (shafti inayofungua valvu) ikiwa kali inapunguza vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, na vakyumu ndiyo inayosaidia breki zako. Kwa hiyo hata uchaguzi wa kamshafti unaanza na swali la breki.

Namalizia na siku ya kuwasha, kwa sababu injini mpya huuawa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Kamshafti za injini hizi zinasuguana na tapeti bapa, na zinahitaji oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Oili nyingi mpya za magari ya kisasa zimepunguziwa. Tafuta yenye zinki ya ppm 1,000 hadi 1,200. Paka mafuta mazito ya kufungia kamshafti kwenye kila lobu, yaani nundu inayosukuma tapeti. Kabla ya kufunga distribyuta, zungusha pampu ya oili kwa drili mpaka geji ipande na oili itoke kwenye roka zote. Kwa Ford 289 na 302 drili izunguke kinyume cha saa. Kwa V8 ndogo ya Chevrolet izunguke kufuata saa. Jaza kabureta petroli kwa mkono, weka taimingi ikiwa imesimama, hakiki mpangilio wa moto: 1-5-4-2-6-3-7-8 kwa Ford 289 na 302 za miaka hiyo, 1-8-4-3-6-5-7-2 kwa Chevrolet. Kumbukeni Ford inahesabu nne za kulia kisha nne za kushoto, na Chevrolet inahesabu kwa kupishana. Waya za plagi zikikosewa, utapiga stata muda mrefu, na kila mzunguko wa stata unafuta yale mafuta kwenye lobu.

Ikiwaka, usiiache sailensa, yaani ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta. Ipandishe papo hapo mizunguko 2,000 hadi 2,500 na uishikilie dakika 20, ukiipandisha na kuishusha kidogo, mtu mmoja akiangalia presha ya oili na mwingine akiangalia joto. Lobu zinapata oili kwa kurushiwa na kranki shafti, na kwenye sailensa kranki hairushi ya kutosha. Ikivuja maji au geji ya oili ikishuka, zima kabisa, rekebisha, kisha uendelee na dakika zilizobaki. Zikitimia, mwaga ile oili na filta yake. Filta usiitupe: ikate, fungua karatasi yake, ipitishie sumaku. Vumbi jeusi kidogo ni kawaida. Vipande vinavyong'aa vinavyoshikwa na sumaku vina maana lobu zimeanza kuliwa. Hapo gari lisitoke uani, fungua manifoldi ukague tapeti moja baada ya nyingine.